Cha Juu Ndani ya Nauli: Kisa cha Ngano ya Iraki, 1999–2003

Mfanyabiashara wa mahindi wa Makambako anapopakia tani 30 kwenda Tunduma, nauli ni hesabu anayoimaliza kichwani kabla ya nyingine zote. Anajua gari linalorudi tupu hubeba kwa bei gani, na la kukodi safari nzima kwa bei gani. Anajua masika mwenye gari atapandisha, na kwamba mzigo ukizidi kwenye mizani ya Mpemba faini itamrudia yeye. Hawezi kulipa nauli ileile kwa mzigo wa Njombe, kilomita 60 hivi, na mzigo wa Tunduma, zaidi ya kilomita 270. Na akiambiwa nauli hiyo ailipe mapema, kwenye akaunti ya kampuni iliyoko nchi ya tatu, na kwamba bila malipo hayo mzigo hautashushwa, atauliza: hayo malori ni ya nani?

Kampuni kubwa kuliko zote za ngano nchini Australia, AWB, ililipa nauli ya namna hiyo ilipoiuzia Iraki ngano chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa ulioitwa Mafuta kwa Chakula, kuanzia mwaka 1999 hadi vita vya Iraki vilipoanza mwaka 2003. Tume huru iliyoongozwa na Paul Volcker, gavana wa zamani wa Benki Kuu ya Marekani, ilihesabu jumla yake kuwa dola milioni 221.7. Kampuni iliyopokea nauli hizo haikubeba ngano hiyo. Fedha ziliishia kwa serikali ya Saddam Hussein. Na nchi iliyotoa ngano hiyo ndiyo ilikuwa miongoni mwa nchi chache zilizopeleka askari kumng'oa Saddam, kwa hoja kwamba dunia haiwezi kumvumilia mtu anayedharau maazimio ya Umoja wa Mataifa.

Tumekichagua kisa hiki kwa sababu ni cha nafaka, magunia na malori, mambo ambayo ukanda wetu unayajua kuliko mabenki ya New York. Wizi wa misaada ukielezwa kwa lugha ya mabenki hupita juu ya vichwa. Ukielezwa kwa lugha ya nauli, mtu wa Mlowo au Mafinga anaona shimo lilipo.

Mpango wenyewe ulivyokuwa

Agosti 1990, siku chache baada ya majeshi ya Iraki kuivamia Kuwaiti, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 661. Lilifunga karibu biashara yote na Iraki na kupiga marufuku kuipelekea serikali yake fedha. Nchi iliyozoea kuagiza sehemu kubwa ya chakula chake kutoka nje ikabanwa koo, na walioumia hawakuwa wakubwa wa Baghdad. Miaka ilipita watu wakizidi kudhoofika, hadi Aprili 1995 azimio namba 986 lilipofungua mlango mdogo: Iraki iuze mafuta, lakini fedha zisipitie mikononi mwa serikali yake. Ziingie kwenye akaunti maalumu ya Umoja wa Mataifa katika benki ya Kifaransa, BNP, huko New York, kisha zinunulie chakula, dawa na mahitaji ya raia. Mafuta ya kwanza yaliuzwa Desemba 1996, chakula cha kwanza kikafika Machi 1997. Mpango ulipofungwa Novemba 2003, mafuta yenye thamani ya takriban dola bilioni 64 yalikuwa yameuzwa.

Kuanzia mwisho wa mwaka 2000 kila dola 100 iligawanywa hivi: 59 kwa mahitaji ya mikoa ya kati na kusini, 13 kwa mikoa mitatu ya Wakurdi kaskazini, 25 fidia za vita vya Kuwaiti, 2.2 gharama za Umoja wa Mataifa kuendesha mpango, na senti 80 kwa wakaguzi wa silaha. Mgawo huo unaonyesha jambo ambalo wengi hulisahau: haikuwa sadaka ya mtu. Wairaki walilishwa kwa mafuta yao wenyewe, na kutoka humohumo walilipa fidia, walilipa mishahara ya waliowasimamia, na walilipa waliokuja kuwakagua. Kila kaya ilikuwa na kadi ya mgao, na mtu mmoja alipata takriban kilo 9 za unga wa ngano kwa mwezi, pamoja na mchele, sukari, mafuta ya kula, majani ya chai na mikunde, kupitia duka la wakala wa mtaani. Familia nyingi hazikuwa na kingine. Kwa hiyo dola iliyochotwa kwenye ngano ilichotwa kwenye sahani hiyo.

Kosa kubwa lilifanywa mwanzoni kabisa. Ili Saddam akubali mpango, Baraza la Usalama lilimwachia achague mwenyewe nani anunue mafuta yake na nani amuuzie chakula. Umoja wa Mataifa ulishika pochi, yeye akashika orodha ya wateja. Mwenye kuchagua muuzaji anaweza kumwambia muuzaji maneno ambayo mshika pochi hayasikii.

Nauli ilivyozaliwa

AWB ilianza mwaka 1939 kama bodi ya umma ya ngano ya Australia. Julai 1999 ikageuzwa kampuni binafsi, lakini ikabaki na ukiritimba wa kuuza nje ngano ya Australia kwa shehena za meli. Wakulima wa kahawa wa Mbozi, wanaoujua uzuri na ubaya wa kuuza kwa mlango mmoja, hawahitaji maelezo marefu hapa: mlango mmoja ukiwa na mteja mmoja mkubwa, mteja huyo ana sauti ndani ya nyumba. Iraki ilikuwa mteja wa namna hiyo. Chini ya mpango huu AWB iliuza tani milioni 6.8 na kupokea zaidi ya dola bilioni 2.3, kiasi ambacho hakuna muuzaji mwingine wa bidhaa za kibinadamu aliyekifikia.

Hadi katikati ya mwaka 1999 mkataba ulikuwa wa kawaida. AWB ililipia meli na bima hadi bandari ya Umm Qasr, na kuanzia hapo ngano ilikuwa mikononi mwa Bodi ya Nafaka ya Iraki. Kisha Bodi ikaleta sharti jipya: muuzaji alipie pia usafiri wa ndani hadi kwenye maghala ya mikoa yote, dola 12 kwa tani, na fedha zilipwe kwa kampuni itakayotajwa na Iraki. Kampuni hiyo ikawa Alia, ya Jordan. Sehemu ya hisa zake ilimilikiwa na Wizara ya Usafirishaji ya Iraki.

Tuifuate meli moja ya tani 50,000. AWB na Bodi wanakubaliana bei ya ngano. AWB inaongeza dola 12 juu ya kila tani, yaani dola 600,000 kwa meli nzima. Mkataba unaopelekwa New York unaandika bei moja tu, ya mzigo "hadi ndani ya lori, mikoa yote ya Iraki". Hauonyeshi nauli ni kiasi gani wala inalipwa kwa nani. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inaupitisha, kamati ya Baraza la Usalama haiuzuii, na BNP inatoa barua ya benki ya kuhakikisha malipo. Meli inakaribia. Kabla haijaruhusiwa kushusha, AWB inalipa zile 600,000. Mwanzoni baadhi ya malipo yalipitishwa kwa watu wa kati katika biashara ya meli, njia ambayo mwenye mizigo halali hana sababu ya kuipitia. Alia inakata ujira wake mdogo na kupeleka kilichobaki kwenye vyombo vya serikali ya Iraki. Meli inashusha, mkaguzi anathibitisha kwamba ngano imefika, na akaunti ya New York inamlipa AWB bei yote pamoja na cha juu.

AWB haikutoa senti mfukoni mwake. Ililipa Amman, mji mkuu wa Jordan, ikarudishiwa New York, na aliyebeba gharama ni mwenye kadi ya mgao. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kukubali. Rushwa inayotoka kwenye faida ya mtoaji humuuma, na siku moja atalalamika. Hii haikumuuma yeyote aliyekuwa mezani.

Katikati ya mwaka 2000 Baghdad iliona mambo yanakwenda, ikaongeza. Wizara zote ziliagizwa kudai asilimia 10 ya mkataba, iliyopewa jina la malipo ya huduma baada ya mauzo. Kwa mashine jina hilo lingeweza kupita. Kwa ngano, huduma baada ya mauzo ni ipi? Katika mikataba ya AWB asilimia hiyo ilimezwa ndani ya nauli. Hapo nauli ikaanza kupaa: kutoka dola 12 kwa tani hadi kupita dola 50 kufikia mwaka 2002. Barabara ilikuwa ileile, na nchi ile ilikuwa imekalia mafuta ya gari ya bei ya chini mno. Meli yetu ya tani 50,000 sasa inaacha dola milioni 2.5 kila inapotia nanga.

Ukubwa wake kwa vipimo vya hapa

Gawanya dola bilioni 2.3 kwa tani milioni 6.8: kila tani iligharimu wastani wa dola 338 hivi, ikiwa na usafiri wa meli na hicho cha juu ndani yake. Kwa bei hiyo, dola milioni 221.7 zingenunua tani 655,000 za ngano. Mwaka 2024, Zambia ilipopigwa na ukame, Tanzania kupitia NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, ilikubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi, mkataba ambao uliwafanya watu wa Tunduma na Vwawa waone kwa macho tani laki sita zina maana gani kwa barabara moja. Kilichopotea kwenye nauli za ngano ya AWB peke yake ni zaidi ya hapo. Kwa malori ya tani 30 ni karibu magari 21,800. Yakipangwa pua kwa mkia, kila moja na tela lake la mita 20 kwa jumla, foleni ingeanzia Iringa mjini, ipite Mafinga, Makambako, Igawa na Mbeya, ifike mpakani Tunduma.

Na AWB ilikuwa asilimia 14 hivi tu ya hongo zote za bidhaa. Tume ya Volcker, katika ripoti yake ya mwisho ya Oktoba 2005, ilihesabu dola bilioni 1.8 zilizolipwa kwa serikali ya Saddam kwa njia hizo, zikiwamo takriban bilioni 1.55 kutoka kwa wauzaji wa bidhaa na milioni 229 kutoka kwa wanunuzi wa mafuta, waliodaiwa senti kadhaa za ziada kwa kila pipa. Makampuni zaidi ya 2,200, kati ya 4,500 hivi yaliyoshiriki, yaliguswa.

Kwa nini wakaguzi hawakuona

Wakaguzi walikuwapo, na hili ndilo la kulitazama kwa makini kuliko yote. Mpakani na bandarini ilisimama kampuni ya Uswisi, Cotecna, tangu mwanzoni mwa 1999. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba mzigo ulioandikwa ndio uliofika. Ilihesabu na kupima. Haikupewa kazi ya kuuliza kama bei ni ya haki, wala nani kalipwa nauli. Ngano ilifika, tani zilitimia, fomu ikagongwa muhuri. Kwa macho ya mkaguzi wa aina hiyo hapakuwa na wizi, kwa sababu wizi haukuwa kwenye gunia.

Huku kwetu mkulima anaijua lumbesa kwa jicho: gunia limevimba, limeshonewa kilemba. Cha juu cha kwenye nauli hakivimbishi chochote. Kinakaa kwenye karatasi ambayo mkulima haoni na mlaji haoni.

Juu ya wakaguzi ilikaa kamati ya azimio 661, yenye wanachama wote 15 wa Baraza la Usalama, na yeyote kati yao angeweza kuzuia mkataba. Marekani na Uingereza zilitumia nguvu hiyo sana. Mikataba ya mabilioni ya dola ilisimamishwa kwa hofu kwamba pampu, mabomba, kemikali za kusafishia maji au vipuri vinaweza kugeuzwa silaha. Nguvu hiyo haikutumika dhidi ya bei. Maofisa wa mpango walipopeleka mbele ya kamati mikataba yenye bei za kutia shaka, kamati haikuisimamisha kwa sababu hiyo. Kwa maneno mengine, pampu ya maji ya hospitali ilizuiwa, ngano yenye hongo ndani yake ikapita. Hatuoni namna ya kulieleza hilo isipokuwa kwamba waliosimamia walijali Saddam asipate bomba kuliko walivyojali asipate fedha, ingawa fedha ndizo zinazonunua bomba.

Dalili zilikuwapo mapema. Bodi ya ngano ya Kanada ilipodaiwa malipo kama hayo kwenye akaunti ya Jordan, ilikwenda kuuliza Umoja wa Mataifa kama ni halali, na ikadokeza kwamba Waaustralia wanalipa. Januari 2000 ofisi ya Umoja wa Mataifa ikauliza ujumbe wa Australia New York. Ujumbe ukauliza Canberra, yaani serikali yao, Canberra ikauliza AWB, AWB ikakana, na jibu hilohilo la mtuhumiwa likarudishwa New York kama matokeo ya uchunguzi. Faili likafungwa. Hakuna aliyeomba karatasi ya benki.

Mtu wa nafaka angeomba nini? Angeomba bei ya ngano itenganishwe na nauli, mistari miwili. Angeomba jina la mwenye magari na hati ya umiliki wa kampuni, na hapo tu Wizara ya Iraki ingejitokeza. Angeuliza kwa nini nauli ya kwenda Basra, jirani na bandari, ni sawa na ya kwenda Mosul, mwisho wa nchi kaskazini. Angeuliza kwa nini inahesabiwa kwa tani za meli na kulipwa kabla gari halijawasha injini, wakati msafirishaji wa kweli hulipwa nusu mwanzo na nusu akishusha, dhidi ya hati ya kupokelea mzigo ghalani yenye namba ya gari na jina la dereva. Na angetaka kuona hata moja ya hati hizo. Kwa tani milioni kadhaa zilipaswa kuwapo makumi ya maelfu. Viongozi wa AMCOS, vyama vya ushirika wa mazao, na maghala wanaouzia mashirika ya misaada wazizoee karatasi hizo tatu, yaani mchanganuo wa bei, umiliki wa msafirishaji na hati ya kushushia yenye namba ya gari. Bei ikiletwa imefungwa kifurushi kimoja "hadi ghalani", wakatae kusaini hadi ifunguliwe.

Vita juu ya mteja

Sasa tuje kwenye siasa. Katikati ya mwaka 2002 serikali ya Waziri Mkuu John Howard ilikuwa ikiisemea Marekani kwa sauti kubwa kuhusu Iraki. Julai mwaka huo Baghdad ikatishia kupunguza kwa nusu ununuzi wa ngano ya Australia kwa sababu ya maneno hayo. Agosti mkuu wa AWB, Andrew Lindberg, akaenda Baghdad kutuliza. Biashara ikaendelea, na nauli ikaendelea. Kwa hiyo katika miezi ileile Waaustralia walipokuwa wakiambiwa kwamba mtu huyu ni hatari isiyovumilika, kampuni yao yenye ukiritimba wa kisheria ilikuwa ikimlipa kwa kila tani.

Vita vilianza Machi 2003, bila azimio jipya la Baraza la Usalama. Australia ilipeleka askari wapatao 2,000. Serikali yake ikanunua tani 100,000 za ngano ya AWB na kuitangaza kuwa msaada kwa watu wa Iraki. Mwenyekiti wa zamani wa AWB, Trevor Flugge, alipelekwa Baghdad kuwa mshauri wa wizara ya kilimo chini ya utawala uliowekwa na Marekani. Silaha za maangamizi, sababu iliyotangazwa ya vita, hazikupatikana. Timu ya Marekani iliyozitafuta ilisema hivyo mwaka 2004, na katika ripoti hiyohiyo ikaeleza kwamba mapato haramu ya kukwepa vikwazo yaliisaidia Iraki kununua vifaa vya kijeshi. Mapato hayo ndiyo yaliyokuwa yamejumuisha zile nauli.

Juni 2003 ofisa wa jeshi la Marekani aliyekuwa Baghdad aliandika kwamba mikataba ya kipindi cha mwisho cha mpango ilikuwa na hongo ya kati ya asilimia 10 na 19. Taarifa ikafika Canberra. Mwezi huohuo chama cha wauza ngano wa Marekani kikalalamika kwamba bei za AWB zilikuwa zimepachikwa cha juu. Waziri wa biashara wa Australia akalichukulia kuwa tusi. Mwaka 2004 balozi wa Australia mjini Washington alikwenda kumshawishi seneta aliyeongoza uchunguzi asiiguse AWB. Baadaye tume ya nchini kwao ilipowekewa mezani telegramu na taarifa zaidi ya ishirini zilizokuwa zimepelekwa serikalini kwa miaka kadhaa, mawaziri walisema hawakuzisoma au hawakukumbuka kuzisoma.

Isidhaniwe unafiki ulikuwa wa upande wa vita tu. Urusi, iliyopinga vita kwa jina la sheria za kimataifa, ndiyo ambayo makampuni yake yalipewa sehemu kubwa kuliko zote ya mafuta ya mpango huu, karibu theluthi moja, Ufaransa ilifuata. Baghdad ilikuwa ikigawa mafuta kwa kuangalia nani anaisemea vizuri. Na Marekani, iliyokuja kuunyooshea kidole Umoja wa Mataifa kwa sauti kuliko wote, ilikuwa ikijua miaka yote kwamba mafuta ya Iraki yanapita kimagendo kwenda Jordan na Uturuki. Iliwavumilia kwa sababu ni marafiki zake. Magendo hayo, nje kabisa ya mpango, yalimpa Saddam karibu dola bilioni 11 katika miaka ya vikwazo, mara sita ya hongo zote za mpango wenyewe. Hapakuwa na siri. Kulikuwa na makubaliano ya kunyamaza.

Msomaji wa hapa asione ni mambo ya mbali. Miaka ileile serikali ya Uingereza, mshirika wa vita hivyo, iliruhusu kampuni ya BAE kuiuzia Tanzania rada kwa pauni milioni 28, na zaidi ya dola milioni 12 zikalipwa kwa mshauri wa masoko. Mstari kwenye karatasi ukaitwa ushauri, kama kule ulivyoitwa nauli. Shauri hilo liliisha kwa BAE kukubali kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu, na mwaka 2012 pauni milioni 29.5 zikarudi kununua vitabu na madawati ya shule za msingi, zile tulizoziita chenji ya rada. Mtoto wa darasa la nne aliyesoma kitabu hicho Rungwe au Kilolo alishika mkononi sehemu ya fedha ambazo zingeweza kubaki hukohuko. Tofauti ni kwamba chenji ile ilirudi.

Nani alijibu

Novemba 2005 serikali ya Howard iliunda tume chini ya jaji mstaafu Terence Cole. Hadidu za rejea zilielekezwa kwa makampuni. Mawaziri waliitwa kutoa ushahidi, Howard mwenyewe alihojiwa Aprili 2006, lakini kuwapima wao haikuwa kazi ya tume. Ripoti ya Novemba 2006 ilisema AWB iliudanganya Umoja wa Mataifa na serikali yake, na ikapendekeza watu 12 wachunguzwe kwa uwezekano wa makosa ya jinai au ya kisheria ya makampuni. AWB ilikuwa imejitetea kwamba iliamini inalipia usafiri. Mwaka 2008 ukiritimba wa ngano uliondolewa, na wakulima wa Australia wakapoteza mlango wao. Mwaka 2009 polisi walifunga uchunguzi wa jinai. Hakuna aliyefungwa Australia kwa nauli hizo.

Yaliyobaki yalikuwa mashauri ya madai. Lindberg alitozwa dola 100,000 za Australia mwaka 2012 na kuzuiwa kuongoza makampuni kwa muda. Flugge alikutwa mwaka 2016 na kosa la kutofuatilia alipojua kwamba Umoja wa Mataifa unauliza kuhusu malipo hayo. Mwaka 2017 akatozwa dola 50,000 za Australia na kuzuiwa miaka mitano. Kwa nauli ya miaka ya mwisho, faini hiyo ya Flugge, ikigeuzwa kuwa dola za Marekani, inalingana na cha juu cha tani 750 hivi, malori 25. Wanahisa wa AWB walioshitaki kwamba thamani ya hisa zao ilianguka walilipwa dola milioni 39.5 za Australia mwaka 2010.

Serikali mpya ya Iraki nayo ilikwenda mahakamani New York kuyadai makampuni mengi yaliyotajwa na tume ya Volcker. Ilishindwa, na rufani yake ikatupwa Septemba 2014. Mahakama ilisema matendo ya serikali ya Saddam ni matendo ya taifa la Iraki, kwa hiyo Iraki ilikuwa mshiriki wa uovu inaoulalamikia, na mshiriki hawezi kudai fidia.